Kaa wa Kigombe na Mafundi Bati wa Kiwanda Chetu

Wajukuu zangu wawili wanasomea uhandisi, na kila wakija likizo hapa Mabawa, Tanga, hunifungulia kompyuta zao kunionyesha michoro ya viwanda: vitone vingi, mistari mingi, rangi za kila namna. Mara ya mwisho nikawaambia kwamba mchoro kama ule niliwahi kuuchora mimi, kwa kalamu ya risasi, juu ya karatasi za kufungia sabuni, kabla baba yao hajaota meno. Wakacheka. Wakauliza nilijifunzia wapi. Nikawajibu kwamba nilijifunzia kwenye tope la Kigombe, kwa kuangalia kaa. Wakacheka zaidi, na ndipo nilipoona heri niyaandike, myasome na nyinyi wengine mnaoingia viwandani siku hizi, ambao hamna bibi wa kuwachosha kwa maneno.

Jina langu Mwanahawa. Nilikuwa mpangaji wa kazi katika kiwanda cha sabuni na mafuta ya nazi, mali ya Bwana Murtaza, ambaye sote tulimwita Tajiri hata katika miezi aliyokuwa hana kitu. Ukoo wake ulikuwa na maduka Tanga tangu enzi za babu yake. Yeye mwenyewe alizaliwa papo hapo mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu; akikasirika ndiyo kilizidi uzuri. Kazi yangu ilikuwa kupanga mbata, yaani nazi kavu, iingie lini, ikamuliwe lini, mafuta yaende lini kwenye masufuria ya sabuni, sabuni ikatwe lini na itoke lini. Wafanyakazi waliniita Bi Ratiba. Wengine waliniita hivyo kwa heshima, wengine kwa sababu ratiba zangu hazikuwahi kutimia.

Zingetimiaje? Miaka ile ilikuwa ya shida. Leo mbata ipo lakini kostiki hakuna, na bila kostiki mafuta hayageuki sabuni. Kostiki ikipatikana, umeme umekatika. Umeme ukirudi, mkanda wa mashine umekwisha na mpya uko ng'ambo unasubiri kibali. Mjini watu walipanga foleni ya sabuni, na sisi tunaoipika tulikwenda nyumbani tukafulia majani ya mpapai.

Halafu ukaja msimu ambao mafuta tulikuwa nayo tele, ila hatukuwa na pa kuyatia. Madebe mapya hayakuonekana Tanga wala kwingineko. Ndipo Tajiri alipomleta Fundi Sefu, fundi bati, pamoja na wenzake wawili, akawajengea banda nyuma ya kinu cha kukamulia. Kazi yao ilikuwa kukusanya madebe makuukuu ya mjini, kuyanyoosha, kuyalehemu na kuyarudisha kazini. Fundi Sefu alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye hadithi zisizokwisha, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita penye kitu kilichopinda bila kukinyoosha. Ukimwalika nyumbani kwako kula, atakula, kisha atakuomba nyundo.

Sasa niwaambie jinsi nilivyokutana na kaa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alipanga Mwalimu Mhina, Mbondei wa Muheza, aliyefundisha biolojia sekondari. Mume wangu ni mtu wa Kigombe, kijiji cha pwani kusini mwa mji, na Mwalimu alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake huko huko kusoma maisha ya mikokoni, kwa hiyo mara nyingi tulifuatana, sisi kwenda kuwaona wazee, yeye kwenda kujipaka tope. Siku moja wanafunzi wake walikuwa na mtihani, naye hakuwa na wa kumshikia kamba za kupimia. Akaniomba mimi. Nikafunga kanga vizuri nikaingia.

Mwalimu alikuwa amezungushia wavu mwembamba kipande cha mikoko, akawatoa kaa wote waliomo. Kipande cha jirani alikiacha kama kilivyo. Nikamwuliza anawaonea nini wale wadudu. Akaniambia alikuwa anataka kujua nani humo ndani hana kazi. Akainama, akachukua kijiti, akaanza kunichorea topeni. Jani la mkoko linaanguka, kaa analiburuta shimoni na kulila. Mashimo ya kaa yanapitisha maji na hewa, mizizi inapumua. Maji yakijaa, samaki wanaingia kula watoto wa kaa. Korongo anakuja kwa ajili ya samaki. Kila kiumbe alikipa kitone, na kila palipo na kutegemeana akachora mstari, mpaka pale chini pakawa kama jarife la wavuvi lililotupwa.

Nikamwambia kaa nilimwona mdogo mno kwa mistari yote ile.

"Usiulize nani mkubwa," akasema. "Uliza ukimwondoa huyu, wangapi watapotea njia."

Akaniambia pia jambo ambalo lilikuja kunifaa. Alipowaondoa kaa, kwa muda mrefu hapakutokea lolote. Wenzake walimcheka. Majani yalijaa chini, basi. Baadaye ndipo miche ya mikoko ilipoanza kudumaa upande ule usio na kaa, na upande wa pili ikaendelea kupanda.

Nilirudi mjini na tope kwenye magoti na kiwanda kichwani. Maana mimi miaka yote nilikuwa nikikichora kiwanda kama mstari mmoja: mbata, mafuta, sabuni, gari. Kikikwama mahali, natazama mashine iliyo nyuma yake, naikuta nzima, nabaki nimeduwaa. Nikamwambia Mwalimu nataka kukichora kiwanda kama alivyoyachora matope yake. Alifurahi kama mtu aliyeposewa.

Tulianza kwa makosa, na makosa yenyewe yalikuwa mazuri. Kosa la kwanza, Mwalimu aliona lazima kila kitengo kipewe mnyama wake, watu waelewe. Mzee Kombo wa kwenye boila, ambaye mvuke wake ndio ulioendesha nusu ya kiwanda, akaambiwa yeye ni kama majani, kila mtu anakula kwake. Mzee Kombo akauliza ina maana yeye analiwa na wote. Mwalimu akamweleza kwamba kisayansi hiyo ni heshima kubwa. Mzee Kombo alitunyima salamu kwa muda, na kila nikipita na shikamoo yangu alikuwa ananijibu kwa kufungulia mvuke. Wanyama tukawaondoa kwenye mchoro, tukabaki na vitone.

Kosa la pili, tulichora mashine peke yake. Mchoro ulikuwa umekamilika, tumeubandika ukutani ofisini kwangu, na siku hiyo hiyo kiwanda kikasimama na hakuna mashine iliyoharibika. Unga wa jikoni ulikuwa umekwisha, mpishi hakupika, na watu wakaondoka mchana kwenda mashambani kutafuta mihogo. Mwalimu aliutazama mchoro, akaniambia amekuwa akiwafokea wanafunzi wake kwa kosa dogo kuliko lile. Tukaongeza jiko. Tukaongeza na watu.

Hapa, vijana, niwape ujuzi kidogo, kwa sababu naona mnachora mkiwa mmekaa. Usimwite mtu ofisini ukamwuliza anategemea nini. Atakutajia kile kilichoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Mfuate aliposimama, mwulize mara ya mwisho ulipokwama ulikwenda kwa nani. Hapo atakunyooshea kidole. Fuata kidole. Mimi nilivifuata vidole kiwanda kizima, na vingi vikanipeleka mahali ambapo ratiba yangu haikupajua kabisa: banda la mafundi bati. Mkata sabuni alikwenda huko kuziba kalibu za kumwagia sabuni. Wapishi wa sabuni walikwenda kwa ajili ya pawa za kuchotea na machujio. Mzee Kombo alikwenda kupata viraka vya mabomba. Hata wauza mashudu, yale makapi ya nazi wanayolishwa ng'ombe, walikwenda kutengenezewa vipimio. Kazi hizo hazikupangwa na mtu. Kwenye ratiba yangu Fundi Sefu alikuwa mziba madebe tu.

Mchoro ule ukatusaidia miaka ile ya shida. Nilijua kikikosekana hiki nani ataumia kwanza, na mara nyingine niliweza kupitisha kazi njia nyingine kabla hatujasimama. Ratiba zangu zikaanza kutimia, si zote, lakini za kutosha kunifanya niwe mwenye majivuno.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Mliozaliwa baadaye hamwezi kujua ilivyokuwa kuamka na kukuta madukani kuna kila kitu. Sabuni za ng'ambo zenye harufu ya maua. Mafuta ya kula ya aina ambazo hatukuzijua majina. Na madumu ya plastiki, mepesi, ya rangi za kupendeza, yasiyopata kutu. Wateja wetu wakaanza kututazama kama ndugu wa shamba. Tajiri akalazimika kupunguza gharama, na mahali pa kwanza alipotupia jicho palikuwa banda la mafundi bati. Madebe ya nini tena?

Nikauchukua mchoro wangu nikaenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akaagiza chai, akaukunjua mezani na kuufuata kwa kidole kwa uangalifu. Bwana Murtaza hakuwa mtu wa kudharau jambo asilolijua. Lakini alipomaliza akaukunja.

"Bi Mwanahawa, mchoro huu unaniambia kwamba watu wanamwendea Sefu," alisema. "Hata mimi namwendea, ana hadithi nzuri. Nionyeshe kwamba wanamhitaji."

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mhina, naye akaniambia Tajiri ameuliza swali sahihi, na kwamba jibu lake nilikwisha kuliona Kigombe ndani ya wavu. Kesho yake nikarudi kwa Tajiri na pendekezo. Mafundi bati wote watatu walikuwa na likizo zilizolimbikizana. Wapewe zote kwa mpigo, waondoke pamoja, na tukae tutazame. Kiwanda kikiendelea kama kawaida, nitanyamaza. Tajiri akakubali papo hapo. Nadhani aliona ni njia ya upole ya kufunga banda.

Fundi Sefu sikumficha. Nilikwenda bandani kwake nikamweleza kila kitu, mpaka habari za kaa. Alicheka, akaniambia hajawahi kusikia mtu akipewa likizo ili ionekane kama atakumbukwa. Akafunga vyombo vyake akaondoka.

Mimi nilikuwa nimetabiri. Nilimwambia Tajiri kwamba meza ya kukatia sabuni ndiyo itakayokwama kwanza, kwa kuwa mistari mingi ilitoka huko. Wiki ya kwanza ikapita, meza ikakata sabuni vizuri kabisa. Wiki ya pili hivyo hivyo. Tajiri akawa mchangamfu mno. Kila asubuhi alipita ofisini kwangu kuniuliza kaa hawajambo. Nikaenda kwa mkata sabuni, mama mmoja aitwaye Mwanaisha, nikamwuliza kalibu zake zinazibwa na nani. Akanionyesha chuma cha kulehemu kilichokuwa kinapashwa moto kwenye jiko lake la chai. Alichoka kumsubiri Fundi Sefu amalize hadithi, kwa hiyo zamani alikuwa amejifunza mwenyewe. Mtandao ulikuwa na njia ya pili, na mimi sikuichora, kwa kuwa sikuuliza.

Nilikwisha anza kujiandaa kunyamaza. Halafu kinu cha kukamulia kikaanza kupunguza mwendo.

Mbata ilipandishwa kwenye kinu kwa mkanda wenye vikopo vya bati, vikopo vingi vikifuatana, kila kimoja kinachota na kumwaga juu. Vikopo vile vilikuwa vinapinda na kung'oka tangu siku zote. Lakini mtu wa kwenye mkanda nilipomwuliza zamani akikwama anakwenda kwa nani, alinijibu hajawahi kukwama. Na ilikuwa kweli. Fundi Sefu, kila akienda kunywa chai, alipita pale, akaona kikopo kilichopinda, na kwa ule ugonjwa wake akakinyoosha au akaweka kipya. Hakuombwa wala hakumwambia mtu. Sasa vikopo vilikuwa vimepungua kimoja kimoja, mkanda unazunguka nusu tupu, mafuta yanachelewa, masufuria yanasubiri, na Mzee Kombo anaachia mvuke hewani kwa hasira. Karakana ya kiwanda ikajaribu kutengeneza vikopo vya chuma kinene. Vikawa vizito, mkanda ukakatika, mbata ikamwagika mpaka getini na kuku wa jirani wakaja karamuni.

Tajiri alisimama katikati ya ile mbata, kanzu yake kaishika juu. Hakuniuliza habari za kaa. Akasema aitwe Sefu.

Nikamtuma mtu nyumbani kwake, akarudi na jibu la mkewe kwamba Fundi yuko Mkwaja, kwa mjomba wake. Tajiri akatupatia gari, mimi na Mwalimu Mhina, ambaye alitaka kuona mwisho wa jaribio lake. Tukavuka Pangani kwa kivuko, tukaendelea kusini na ile njia ya mchanga mpaka Mkwaja.

Kumpata hakukuwa shida, tulifuata mlio wa nyundo. Alikuwa chini ya paa la makuti, mmoja wa wenzake yuko naye, na mbele yao wamekaa watu wanangoja zamu: wanawake wenye makarai ya kukaangia samaki, mzee mwenye taa iliyovunjika, fundi nyumba anayetaka mifereji ya kukingia maji ya mvua. Fundi Sefu alitukaribisha kwa furaha, akatuagizia madafu, akaendelea kugonga. Nikamweleza yaliyotokea, habari za vikopo, mbata na kuku. Alisikitika kwa dhati. Nikamwambia Tajiri amekubali, banda halifungwi, arudi.

"Sirudi, Bi Mwanahawa," akasema.

Nilidhani anatania. Akaweka nyundo chini.

"Kule nilikuwa natengeneza vitu ambavyo hakuna aliyejua vimeharibika. Hapa mtu anakuja na karai lake, anaona linavuja. Naliziba, anaona halivuji. Ananishukuru. Nimeshazoea vibaya."

Mwalimu Mhina alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya debe. Tulipomwuliza ana nini, akatuambia kwamba wale kaa wake wa ndani ya wavu aliwabeba kwenye ndoo akawamwaga ng'ambo ya mkondo, na tangu siku ile hakwenda hata mara moja kutazama wanaishije huko.

Mimi sikucheka sana. Niliuona mkanda ule ukizunguka mtupu, na saini kwenye ile likizo ilikuwa yangu. Nilirudi Tanga, nikamweleza Tajiri mbele ya Mwalimu kama yalivyo. Nilitegemea Kiswahili chake kizuri. Badala yake akaniuliza kama yule Sefu anaonekana ana furaha. Nikasema ndiyo. Akasema mtu mwenye furaha haitwi kwa dereva, anafuatwa.

Wiki iliyofuata Bwana Murtaza akaenda Mkwaja mwenyewe, na sisi nyuma yake. Walikaa chini ya yale makuti wakajadiliana tangu adhuhuri hadi alasiri, wakaswali pamoja, wakaendelea. Tajiri alitaka amrudishe na cheo. Sefu alikataa cheo, alikataa na banda. Mwishowe wakaafikiana hivi: atafungua karakana yake mwenyewe mjini, atachukua kazi ya yeyote, na siku maalumu za wiki atakuja kiwandani, si kuziba tu, bali kumfundisha mtu mmoja katika kila kitengo. Hilo la kufundisha niliomba mimi, kwa sababu ya Mwanaisha na chuma chake cha kulehemu. Nilikuwa nimeona kwamba kiwanda kinachomtegemea mtu mmoja kinamfunga yeye na kinajifunga chenyewe.

Sabuni za ng'ambo hazikututoa sokoni. Zilitusukuma sana, tukabana, tukaacha baadhi ya mambo, lakini hatukufunga kitengo chochote kwa kukisia, na mimi niliendelea kupanga kazi pale mpaka nilipostaafu. Fundi Sefu alikuja siku zake, akanywa chai yake, na mkanda ukaenda umejaa.

Lakini siku ninayopenda kuikumbuka ni ile ya kwanza aliporudi kwa mapatano mapya. Tulikuwa ofisini kwangu, mchoro umetandikwa mezani, na Mwalimu Mhina ana kalamu ya risasi anataka kuusahihisha. Alikuwa amekifuta kile kitone cha banda la bati, na sasa hakujua akiweke wapi. Si mfanyakazi wetu tena, na wala si mgeni. Akamwuliza mwenyewe.

Fundi Sefu aliinama, akautazama mchoro kwa muda mrefu, mara ya kwanza kuuona.

"Niweke nje ya ukuta," akasema. "Lakini mistari usifute."

Tajiri akaitwaa kalamu mkononi mwa Mwalimu. Akaweka kitone nje ya ukuta, kikubwa kuliko vingine, kisha akaanza kuivuta mistari mwenyewe, mmoja mmoja, kutoka kila kitengo, akiipitisha ukutani.